Kitenzi Kilipoitwa Neno

Bibi mmoja Mpolandi wa mtaa wa Hjulsta, huku ughaibuni ninakoishi, aliniona jasusi tangu siku ya kwanza. Ofisi ya huduma za wazee ndiyo iliyonipeleka kwake nimwandalie chai, nimpe dawa zake na kufagia. Nikimuuliza kama amelala vizuri, ananijibu kwa Kiswidi chake kikavu, "Nani anataka kujua?" Aliogopa kuhamishiwa nyumba ya wazee. Kila swali langu aliliona mtego wa kumng'oa pale.

Mimi nami sikumwamini mwanawe. Alikuja kila Jumamosi, akizunguka vyumbani kama fundi anayekadiria kazi. Siku moja alinivuta jikoni akaninong'oneza kwamba mama ameanza kupotea. Anamfundisha mjukuu wake Kipolandi, na kitenzi anakiita "neno". Amekuwa mwalimu wa lugha maisha yake yote, leo hajui kitenzi kinaitwaje! Akaniomba nimweleze hivyo afisa wa manispaa atakapokuja kuamua kama ahamishwe.

Sikulimeza. Shule yangu iliishia kidato cha nne, Morogoro, kabla miguu haijaanza kuniwasha kwa hamu ya safari. Lakini nakumbuka nikisoma "nomino" kwa sauti kibarazani, harufu ya mafuta ya taa imetanda, na baba akiguna kwamba wao shuleni waliita "jina" tu. Hakuna aliyesema baba amechanganyikiwa.

Afisa alipokuja, mwana hakunisubiri, akaileta mwenyewe habari ya kitenzi. Bibi akacheka kwa pua. Akaeleza kwamba zamani wasomi wa kwao walijifunza sarufi kwa Kilatini, na walipotaka kuitaja kwa Kipolandi walitafsiri tu walichokikuta. Nomino kwa Kilatini iliitwa "jina", nao wakaandika "jina". Kitenzi kiliitwa "neno", wakaandika "neno". Istilahi ya leo ya kitenzi, iliyotokana na "wakati", ilitungwa baadaye. Alitaka mjukuu ajue ya zamani na ya sasa.

Akamgeukia mwanawe. "Na wewe unalijua hilo. Nilikufundisha ungali unavaa kaptura."



Nilidhani yamekwisha. Afisa akaniuliza kama kuna lolote nililoliona mimi. Wote wawili wakanikodolea macho. Nikasema kichwa cha bibi hakina tatizo na maneno, ila zaidi ya mara moja nimekuta jiko linawaka na sufuria imekauka.

"Nilijua," bibi akasema taratibu. "Jasusi ni wewe."

Hakuhamishwa. Walimfungia kifaa kinachozima jiko chenyewe, na mimi bado napangiwa kwake. Siku hizi nikiingia jikoni hunifuata, akasimama mlangoni mpaka nimalize kuosha kikombe. Hanisemeshi. Na Jumamosi mwanawe akija, mimi hujitafutia kazi nyingine ya kufanya, nifute hata pasipo na vumbi, mpaka yeye atangulie kuondoka; simwachi peke yake na bibi.