Fundi Aliyeondolewa Kisiwani

Ofisini walimwita Rula, kwa kuwa alikuwa mrefu, amenyooka, na hajui kupindisha maneno. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nchi zisizokuwepo. Kampuni yao ilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la rangi, ikitengeneza mchezo wa mezani: mmoja anasimulia, wenzake wanajifanya mashujaa, wanarusha dadu kujua nani afe na nani apone. Habari za nchi hizo aliziandika dada yake mkubwa. Watu walisema wale wawili wamegawana kichwa kimoja.

Visiwa vya kusini mwa nchi hizo alivichora mwaka ambao figo za mama yao ziligoma. Mama alikuwa fundi cherehani, amewalea kwa kushona sare za shule, na mdomo wake haukujua likizo. Rula ndiye aliyempeleka hospitali kusafishwa damu, na mashine ikivuma, yeye huchora karatasi ikiwa magotini. Ndipo alipomweka mama yake bandarini kisiwani: kikongwe anayeshona matanga, mwenye sindano ya kumrudishia uhai aliyezama. Akamwonyesha.

"Hata huko umeniletea kazi?" mama akasema. "Nilidhani utanichorea angalau kitanda."

Alicheka mpaka nesi akaja kukagua mirija. Wiki chache baadaye walimzika.

Rula alirudi kazini, mwili upo, mwenyewe hayupo. Kilichomshikilia ni visiwa tu. Aliongeza mtaa, ngazi za mawe, dirisha la fundi linalotazama gati. Dada yake, wakati huo, alikuwa akiendesha majaribio: kila Jumamosi anakaa na vijana na kuwasimulia mchezo ambao bado haujachapishwa. Alianza kukonda. Rula akadhani ni msiba unamla, kama unavyomla yeye.

Kisha yakaletwa maandishi ya mwisho ya kitabu cha mchezo, ili ramani ilinganishwe nayo kabla ya kwenda kiwandani. Kwenye maandishi, visiwa vilikuwa vitupu. Soko hakuna, gati hakuna, fundi hakuna. Wenyeji waliondoka, na haijulikani walikokwenda.

Alimkuta dada yake kwenye jiko dogo la ofisi, anasugua kikombe kilichokwisha takata. Akammwagia yote: kwamba amemzika mama mara ya pili, na safari hii hata taarifa hakumpa. Dada alimwacha amalize.

"Walikuwa wanamuua," akasema.

"Nani?"

"Vijana wa majaribio. Wanaitaka sindano. Mmoja anamshika, mwingine anampekua, na wanacheka, maana kwao ni mchezo. Kila kundi, mdogo wangu."

Rula akasema basi dada angeiondoa sindano tu. Dada akajibu kwamba aliiondoa. Wakamuua vilevile, kuhakikisha kama kweli hana.

Rula akauliza kitu ambacho angeweza kukiacha. "Nani alikuwa anamsemea?"

"Msimulizi ni mimi." Dada alikuwa bado amekishika kile kikombe. "Nilitumia sauti yake. Niliwaomba wasubiri nimalize pindo."

Hakuna aliyemshika mwenzake bega. Rula alirudi mezani pake akafuta gati, ngazi, mtaa, na mwisho dirisha. Kuvichora kulimchukua miezi. Kuvifuta, hata chai haikupoa.

Mchezo ulitoka na ukanunuliwa zaidi ya walivyotarajia. Walichokisifu zaidi wachezaji ni vile visiwa vitupu, walisema vinatisha. Bosi akataka kitabu cha pili, kieleze watu wale walipatwa na nini. Dada alikataa, akaacha kazi, akaenda kufundisha watoto tuisheni. Rula naye akahamia kwa mkandarasi, kuchora mitaro na mabomba. Walipigiana simu mwisho wa mwezi, wakaulizana afya, wakaagana.

Kitabu cha pili kiliandikwa na mtu mwingine. Rula alikiona dukani, akakisoma akiwa amesimama. Mwandishi alikuwa ameamua kwamba wenyeji hawakwenda popote: njaa iliwaingia, wakalana, wakianza na wazee. Alikirudisha kwenye rafu. Mwisho wa mwezi dada yake alipopiga, Rula hakukitaja kile kitabu; akamuuliza habari za wanafunzi wake, na dada akamsimulia kirefu.