Kicheko cha Kwanza cha Alwyn Pickersgill

Alwyn Pickersgill alikuwa mchekeshaji kwa miaka ishirini kabla ya mtu yeyote kugundua. Hata mkewe Maureen, aliyempenda kufa, alikuwa akikaa mstari wa mbele anafuma sweta mumewe akiwa jukwaani, na sweta zenyewe zilitoka nzuri ajabu, maana hakuna kilichomtikisa mkono.

Alizaliwa Oldham, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, kwenye zile nyumba zilizobanana, baba yake mtu wa kiwanda cha pamba. Jeshini wakati wa vita, siku ya tamasha, alivalishwa gauni akaigiza mke wa kanali, koplo mmoja akaanguka kwenye kiti kwa kucheka, na basi, uchekeshaji ukamwingia. Koplo mwenyewe alikuwa amelewa chakari, lakini nani angemwambia Alwyn? Alipotoka jeshini akawa mchana anapakia biskuti kiwandani, jioni anazunguka klabu za wafanyakazi na koti lake la mistari.

Na klabu zile, usicheze nazo. Watu wametoka kazini, wana bia zao, wanasubiri mchezo wa bingo. Mwenyekiti anakaa kando ya jukwaa na kipaza sauti chake, na yeye ndiye mwenye dunia. Uko katikati ya kichekesho chako kizuri kabisa, anakukata: "Samahani, msanii. Pai zimefika!" Ukumbi mzima unakimbilia foleni ya pai za nyama, wewe umebaki umeachama. Wakirudi na makelele yao, anagonga meza: "Kimya! Mpeni maskini huyu nafasi!" Wananyamaza, wanatafuna, unaendelea.

Klabu ya mtaani kwao Alwyn, mwenyekiti alikuwa mzee Hesketh, fundi bomba mstaafu, mtu wa haki mwenye sauti kama king'ora. Miaka yote hiyo alikuwa akimwombea Alwyn nafasi, na Alwyn hakujua aifanyie nini.

Alipofika miaka arobaini na minane ndipo bahati ilipomwangukia. Televisheni kule Manchester walikuwa na kipindi cha vichekesho kuhusu nyumba ya wageni, wakataka mpangaji mwenye uso wa huzuni. Uso huo Alwyn alikuwa nao bila jitihada. Akawa Bwana Tadlow, anayeshuka kila asubuhi kulalamikia yai lake. Wiki tano mfululizo akalalamika mbele ya watazamaji wa studioni, nao wakamtazama kama mtu anavyotazama mvua dirishani.

Mtayarishaji, Fenwick, kijana wa nywele ndefu, akamvuta pembeni.

"Alwyn, sikufichi. Wiki hii wasipocheka, Bwana Tadlow anahamia Australia."

"Kwa muda gani?"

"Ndugu yangu, huko ndiko moja kwa moja."

Alirudi nyumbani mnyonge. Hakutaka utajiri, hakutaka picha yake gazetini. Alitaka mara moja tu, kabla hajarudi kwenye biskuti, asikie ukumbi ukicheka kwa sababu yake. Alimweleza Maureen, naye badala ya kumpa pole akavaa kofia akatoka. Aliporudi alikuwa amekodi basi.

"Naleta klabu nzima studioni," akasema.

"Maureen! Wale? Wale hawajacheka tangu vita viishe!"

"Basi wana akiba."

Siku ikafika. Klabu ilijaa viti vya katikati, wanawake wamevaa makoti yao ya kanisani, mzee Hesketh mbele kabisa na tai shingoni. Nyuma ya mlango wa bandia Alwyn alisubiri, yai lake mkononi. Akapewa ishara, akashika kitasa, akakizungusha. Kitasa kikang'oka.

Akasukuma mlango kwa bega, akaingia, yai mkono mmoja, kitasa mkono wa pili. Mwigizaji wa mwenye nyumba alimkodolea macho, hajui afanye nini. Alwyn akampa yai. Kisha, kwa adabu zake zote, akampa na kitasa.

"Na hiki nacho hakijaiva," akasema.

Ukumbi ukalipuka. Akina mama wa klabu walishikana mabega, mmoja akapiga kiti makofi. Na hapohapo, jamani, mzee Hesketh akasimama wima.

"Kimya! Kimya, tafadhali! Mpeni maskini huyu nafasi!"

Kimya kikatanda. Ukumbi mzima, kamera zikirekodi, kicheko kimoja cha maisha yake kimezimwa na jirani! Mwingine angelia. Lakini mtu aliyelelewa na klabu kwa miaka ishirini, kinywa kinajijibia chenyewe. Alwyn akageukia viti.

"Ahsante, Mwenyekiti. Pai zimefika?"

Hapo sasa! Watu waliporomoka vitini kwa kucheka. Mpiga picha mmoja ilibidi aishike kamera kwa kuikumbatia. Fenwick alishuka ngazi mbio, machozi yanamtoka.

"Ya kitasa inabaki," akasema. "Na wewe unabaki. Jumatatu mazoezini."

Alibaki miaka tisa. Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile, ndani ya basi la kurudi, watu waliimba, isipokuwa mzee Hesketh, aliyekaa peke yake amegeukia kioo. Alwyn akamfuata.

"Mzee, mbona umenuna?"

"Usinisemeshe, mwanangu. Nimekuharibia."

"Hujaharibu kitu."

"Nilikuwa nakutetea." Mzee alikuwa akivuta tai yake kwa aibu. "Miaka yote hii sijawahi kusikia watu wakicheka ukiwa jukwaani. Ile kelele ilipoanza, nikajua wameanza fujo."

Alwyn akakaa kando yake. Kisha akamshika mkono.

"Hata mimi, mzee," akasema. "Hata mimi nilidhani hivyohivyo."

Wakatazamana, wakaanza kucheka wote wawili, na hawakunyamaza mpaka basi lilipoingia Oldham.