Mashine ya Papa Huko Bagira

Mtakaonicheka, chekeni polepole. Papa alinipigia simu kutoka Bagira: "Majani ya lupango, hapa uwanjani, inanishinda, mwana. Kuya dimanche, ukitoka misa, tukate pamoja."

Mimi, bwana mkubwa wa biro kule Ibanda, nishike panga? Nikatafuta mashine ya kukata majani, ile ya kukalia na kuendesha. Muuzaji aliniuliza ukubwa wa lupango. Nikamwambia nataka tu ya nguvu, isiyozeeka.

Mlango wa lupango ulikuwa mwembamba; majirani waliipitisha juu ya ukuta. Ikajaza uwanja wote: ukienda mbele ni jikoni, ukirudi nyuma ni choo. Papa aliikalia kidogo. "Aksanti, mwana. Iko nguvu kweli." Kisha akaendelea kukata pembeni na panga yake, peke yake.

Wiki iliyopita Papa alikufa. Tulipomleta nyumbani watu wamuage, wabebaji walisimama mlangoni na jeneza mabegani. Pa kuliweka hapakuwepo. Watu wote wakaniangalia. Maman hakupaza sauti.

"Tosha mashine yako hapa uwanjani, mwana. Papa yako anangoja pa kulala."