Mama wa Maweni Aliyeitoa Siri ya Binti Yake Kanisani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Rosebella Achola yuko ndani ya shimo la mawe huko Maweni, kisiwa cha Manda. Anachomeka mtaimbo kwenye ufa wa mwamba, anauegemea kwa uzito wake wote, na jiwe jeupe linabanduka. Vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

"Mama, hilo jiwe limekukosea nini?" anauliza Odundo, mchongaji mwenzake, kutoka shimo la pili.

"Wewe chonga lako," anamjibu. "Mdomo wako ungekuwa sururu, tungekuwa tumemaliza kisiwa."

Wachongaji wanacheka. Yeye anatabasamu kidogo tu.

Ana umri wa miaka arobaini na mbili. Alitoka Siaya kumfuata mumewe aliyekuwa akichonga mawe hapa. Mume alifariki, yeye akashika zana. Jiwe moja lililochongwa pande zote humpa shilingi ishirini. Kwa mawe hayo amelea watoto watatu, na wawili wanajitegemea. Amebaki na kitinda mimba, msichana wa kidato cha tatu anayesoma mjini Lamu, ng'ambo ya mkondo.

Huyo ndiye asiyezungumza naye ila neno moja moja.

Jina la binti halitajwi hapa. Rosebella alikataa kuhojiwa mpaka amwombe ruhusa. Jibu lilikuja kwa simu: "Sema yako. Yangu wacha."

Yake ni haya. Jioni moja mwaka jana, wakichambua mchicha, binti alimweleza jambo lililokuwa likimsumbua na kumwomba asimwambie mtu. Rosebella akaahidi. Halikuwa uhalifu wala mimba, anasisitiza. Yalikuwa mashaka ya mtoto anayekua.

"Lakini mimi liliniingia kama homa," anasema. "Niliona shetani amefika mlangoni."

Jumapili iliyofuata mchungaji aliuliza nani ana hitaji la maombi. Katika kanisa lao la mabati hitaji husemwa kwa sauti, wote wakalisikia na kuliombea pamoja. Ndivyo wanavyoombea wagonjwa, ndivyo wanavyoombea karo. Rosebella akasimama, akasema yote.

"Nilidhani namsaidia. Nililia hata. Watu wakasema amina, na mimi nikazidi kusema."

Binti aliitwa mbele. Wazee wa kanisa wakamwekea mikono kichwani.

"Alisimama kama nguzo. Hakulia, hakufumba macho. Aliniangalia mimi."

Kufikia Jumatatu, Maweni nzima ilijua. Binti akishuka kupanda boti ya kwenda shule, vijana wa machimboni walimpigia mluzi. "Hitaji! Umepona?"

Wiki hiyo hiyo alihamia mjini, kwa kina Raihana, rafiki yake wa darasani. Hurudi Jumamosi kufua nguo. Akiulizwa habari hujibu "sawa". Akipewa chakula husema ameshiba.

Waumini wengine walimtisha Rosebella kwamba mtoto atasilimu. Akavuka kwenda kumrudisha kwa nguvu. Bi Mwanamkisi, bibi yake Raihana, alimkalisha barazani, akamtilia kahawa.

"Mimi sikumuita kumbadili dini. Nimempa kitanda," anasema Bi Mwanamkisi. "Nikamwambia, shoga yangu, ukimvuta yeo utapata mwili tu. Muwate. Mpe ndia, atakuya mwenyewe." Kwa Kiamu chake, alimtaka asimvute leo; amwache, ampe njia, atakuja mwenyewe.

Jumapili bibi huyo ndiye humwamsha binti. "Akitaka huenda kanisani kwao, asipotaka hulala. Mimi si askari."

Rosebella alirudi Maweni peke yake. Karibu na Pasaka akapanga kusimama tena kanisani, safari hii kuomba msamaha mbele ya wote. Alimwambia binti, akidhani atafurahi. Binti akaweka chini ndoo ya nguo.

"Mama, unataka kunisimamisha tena mbele ya watu? Usinitaje kanisani. Hata kwa uzuri."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyomwambia tangu ahame. Rosebella akaomba msamaha hapo hapo, kwenye maji ya sabuni.

"Akasema 'sawa'. Mpaka leo sijui ni sawa gani."

Imani hajaiacha. Anaomba akiwa shimoni, midomo ikitembea bila sauti, mpaka Odundo humuuliza kama anatafuna njugu. Mchungaji akiuliza mahitaji, yeye hubaki ameketi. Baadhi ya waumini wanasema amepoa.

Katika kila mawe kumi anayochonga, sasa anatenga moja asiliuze. Anataka kuongeza chumba kwenye nyumba yao kabla ya likizo ya Desemba. Kitakuwa na mlango na kufuli, na ufunguo atampa binti.

"Akija, alale humo. Asipokuja, ni chake tu," anasema, akijifuta vumbi kwa kiwiko. "Na siku akiniambia neno lingine, nitalikalia. Hata Pasta akiniuliza, nitamwambia aulize mwenyewe."