Sizoni Iliyokatwa Kabla Hatujajua Nani Anapona

Ninyi mliokulia Endamarariek kabla nguzo za umeme hazijafika, mnakikumbuka kile kibanda umiza cha kuonyeshea video, karibu na mashine ya kusaga? Mabati yanawaka, benchi zinakwaruza mapaja, na ukitoka humo unanuka unga na moshi wa jenereta. Jumamosi tukishapalilia mahindi na maharage ya ngwara tulikimbilia huko hata miguu hatujanawa.

Humo ndimo tulimoikuta ile sizoni ya watu walioiona kesho. Mji mzima unazimia mchana kweupe, kila mtu anayaona maisha yake ya mwakani, halafu wanazinduka na kuanza kutafutana. Huyu kajiona kaoa, yule kajiona yuko jela. Basi kulikuwa na mwalimu mmoja wa kike ambaye hakuona kitu. Giza tu. DJ aliyekuwa anatafsiri kwenye CD akasema kwa lile sauti lake zito, "Huyu mwakani hayupo, jamani!"

Sisi tukaugeuza mchezo. Tukiwa machungani na ndama, tunalala chali kwenye majani, tunafumba macho mpaka kaka yangu Bura apige mluzi, kisha kila mtu anasema alichoona. Bura alijiona anaendesha Landrova imejaa wazungu, anashuka nao kreta kuona wanyama. Rafiki yangu Paskalina alijiona ni sista, mtu ambaye kila siku alichapwa kwa kupiga kelele kanisani! Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimechoka, jua zuri, nikapitiwa na usingizi. Nikasema ukweli: sikuona kitu. Hakuna aliyecheka. Paskalina alinitazama kama mtu anayetazama jeneza.

Toka siku hiyo niliogopa, niliogopa hasa. Tumaini langu likabaki kwa yule mwalimu. Akipona yeye, na mimi nimepona. Jumamosi iliyofuata nikawahi benchi la mbele. Mwenye banda akasimama mbele ya televisheni akasema, "Ile imeishia pale pale. Wenyewe wameikata, hawaendelei nayo." Watu wakaguna, akaweka picha ya ngumi, wakasahau. Mimi nilitoka nje nikakimbia.

Nyumbani sikula. Mama akaleta maziwa mgando, nikasukuma kibuyu. Nililia mpaka nikamweleza baba yote, na nilijua atanichapa kwa ujinga. Baba hakuchapa wala hakucheka. Alinyanyuka, akanishika mkono mpaka zizini, akanionyesha mtamba mwekundu aliyekuwa bado mdogo.

"Huyu kuanzia leo ni wako. Akizaa, wa kumkamua ni wewe."

"Na kama sitakuwepo?"

"Sasa nani atamkamua? Mimi nina kazi zangu."

Baba mdogo alinung'unika wiki nzima kwamba mtoto wa kike hapewi mtamba hivi hivi, subiri aolewe. Baba akamwambia, "Wewe nyamaza, hujui alichokiona." Nami nikaanza kuamka kabla ya jogoo kumkatia majani yule mtamba. Masika yakapita, akashika mimba. Nilikuwa na kazi nyingi mno, nafasi ya kufa sikuipata.

Watoto wa siku hizi, mh! Sizoni hawajaianza wanajua nani anakufa. Wanarusha mbele mpaka mwisho, wanalala. Nilipomsimulia binti yangu habari hii hapa Karatu mjini, kabla simulizi haijafika zizini alikuwa ameshatafuta kwenye simu na kunijulisha kwamba watazamaji walipungua ndiyo maana ikakatwa. Ahsante mama, nikamwambia, ungekuwepo wakati ule ningekula ugali wangu vizuri.

Namtania, lakini moyo unaniuma. Mwezi uliopita alipata uvimbe kwapani. Haukuwa kitu, daktari alisema ni jipu tu. Ila nilikuja kugundua kwamba siku kadhaa alikuwa anajifungia chumbani, anaiuliza simu kama atakufa, nayo inamjibu kurasa kwa kurasa. Na mimi siku zote hizo nilikuwa jikoni, ukuta mmoja tu katikati, nachambua mboga, na hakuja kuniuliza.