Ndege wa Doonside Alicheka Kwenye Theluji ya Kanada

Jumamosi ile, ndege wa nyuma ya nyumba ya Anésie alicheka ndani ya simu. Na simu ilikuwa inaongea kutoka Kanada.

Niliacha kutafuna.

Wajukuu zangu, naandika haya kwa kidole kimoja. Nilisoma mpaka darasa la sita, kwa hiyo mkikuta herufi imeruka, irudisheni wenyewe.

Mimi ni Bibi Elvire. Naishi Toongabbie, hapa Sydney, na mjukuu wangu Irambona. Rafiki yangu Anésie anaishi Doonside, mtaa wa jirani, na mwanae Kwizera. Kule kambi ya wakimbizi ya Kigoma tulikuwa mlango kwa mlango, tunagawana hadi chumvi.

Binti yake Ketsia bado yuko kule. Siku basi lilipokuja kutuchukua kwa safari ya huku, jina lake halikusomwa. Alibaki msichana, sasa ana watoto wawili.

Anésie anaosha na kulisha wazee kwenye nyumba ya wazee. Kila anachopata ni cha viza ya Ketsia. Kandambili zake zimefungwa na waya, na akiambiwa anunue nyingine anasema, "Ketsia akifika ataninunulia."

Sasa sikilizeni.

Sisi wanawake tuna kikundi. Tunachangia pesa za msiba, ili mtu akifa huku asizikwe kama hana wenyewe. Anayezishika ni Nella.

Mwaka jana kwenye kundi letu la WhatsApp akaingia mgeni. Akajiita Ildephonse. Mtoto wa kambi yetu, anaishi Kanada, mjuzi wa hisa.

Nani angemkataa? Kambi yetu waliigawa kama mkate, nusu huku, nusu Kanada. Mtu wa Kanada kwetu ni ndugu ambaye basi lake lilikata kona nyingine tu.

Wanawake wakaanza kumuuliza.

"Ninunue ipi, ile ya madini ya betri au ile ya kulima nyanya kwenye nyumba za vioo?"

"Nigawe kwenye kampuni nyingi au moja inatosha?"

Anajibu kwa ujumbe wa sauti. Sauti nzito, taratibu, kama ya mchungaji.

"Mama zangu, kampuni nyingi ni za waoga. Chagueni moja, changa, muikumbatie, mkue nayo."

Anésie ndiye aliyetangulia. Pesa yote ya Ketsia iliingia huko, Kwizera akimsaidia kubonyeza simu. Kila wiki Ildephonse anatangaza kwamba imekua.

Tulimuuliza kila kitu kuhusu hisa. Kuhusu yeye, hatukumuuliza kitu.

Hapa niwaeleze, maana watu wa nje hamtaelewa. Kambini kuna waliopata safari kwa kadi ya mtu aliyekwisha kurudi nyumbani. Kuna waliobadili jina, umri, hata idadi ya watoto. Kwa hiyo sisi hatuulizani ulikotoka. Ukimuuliza mtu baba yake nani, umemvua nguo mbele za watu.

Ndiyo maana Ildephonse aliposema mama yake alikuwa akiuza maandazi karibu na bomba la maji kambini, tukaitikia. Na wiki nyingine aliposema mama huyo huyo alikufa Burundi kabla ya kambi, tukatazamana, kila mtu akameza mate yake.

Irambona peke yake ndiye aliyesema. Kiswahili anakielewa ila kinamkwama kooni, akaniuliza kwa Kiingereza: huyu mtu ni nani hasa, kuna aliyewahi kumwona uso?

"Nyamaza," nikamwambia. "Hayo si ya watoto."

Basi ile Jumamosi tukakutana kwa Anésie. Ildephonse alikuwa ametuma neno: hisa inapaa Jumatatu, pesa za msiba ziingie zote leo. Zitarudi mara mbili, na Ketsia atakula Pasaka Sydney.

Nella ameshika simu, kidole kiko tayari. Nami, kama kawaida yangu, nikatega.

"Kitendawili."

"Tega."

"Mgeni wangu haketi, hali, sijui aliingilia mlango gani, lakini nyumba nzima inamtii."

"Simu," akasema Nella.

"Umekaribia."

Hakuna aliyecheka. Anésie akasema, "Tunyweni chai."

Kwizera alikuwa ametoka kupunga hewa. Kwenye uzio nyuma ya nyumba, kukabura akaanza. Mnamjua, yule ndege wa huku mwenye kichwa kikubwa, anacheka kama mlevi aliyesikia umbea. Akacheka, akanyamaza.

Ujumbe ukaingia.

"Mama zangu, niko nje hapa, theluji imefika magotini..."

Na nyuma ya sauti ile, yule ndege akacheka.

"Rudia," nikasema.

Nella akarudia. Ndege akacheka tena.

"Na Kanada wana ndege, Bibi," akasema mmoja. "Acha wasiwasi."

Nilisema nakwenda msalani. Sikwenda. Nikapita jikoni hadi mlango wa nyuma.

Gereji ilikuwa wazi kidogo. Ndani kuna mtu ananong'ona: "Msichelewe, mama zangu. Mlango unafungwa."



Punde tu, sebuleni nyuma yangu, sauti nzito ya Ildephonse ikasema: "Msichelewe, mama zangu. Mlango unafungwa."



Nikasukuma mlango. Kwizera amekaa juu ya ndoo ya rangi, simu mdomoni.

"Bibi," akasema.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Ni programu. Inabadilisha sauti." Akainamisha kichwa. "Lakini hisa nilinunua kweli, Bibi. Naapa. Nilisoma mtandaoni, watu wote wanasema hiyo kampuni ya Kanada ni moto. Nikaweka zote kwenye moja. Ikaporomoka."

"Za Ketsia zimebaki ngapi?"

"Nauli ya treni hadi Liverpool ya hapa hapa Sydney. Na kurudi, labda."

"Na za msiba?"

"Nilitaka mtaji tu. Nirudishe kabla Mama hajajua."

Nyuma yangu mtu akakohoa. Anésie. Sijui alisimama pale muda gani.

"Dada," akasema, "rudi ndani. Chai inapoa."

Nilimtazama usoni. Nilitafuta mshtuko, sikuuona.

"Ulikuwa unajua?"

"Nimemzaa mimi. Anavyovuta pumzi kabla ya kudanganya, hakuna mashine ya kuificha."

"Tangu lini?"

"Tangu ujumbe wa kwanza."

Kwizera akainua kichwa kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Na ukataka tutoe za msiba?" nikamuuliza Anésie.

"Pesa za msiba ni za waliokufa," akasema polepole. "Wao wanaweza kusubiri. Ketsia hawezi."

Nilirudi ndani. Nella akauliza, "Bibi, nabonyeza?"

Nikamwomba simu. Nikabonyeza alama ya kurekodi.

"Ildephonse, mwanangu. Baba yako aliitwa nani?"



"Elvire, hayo hayaulizwi," mtu akaninong'oneza. Mwingine akavuta kitenge chake, akageukia ukutani.

Alama mbili zikawa za bluu. Ameusikia. Tukasubiri.

Kisha mlango wa jikoni ukafunguka. Kwizera akasimama pale, simu mkononi, akaongea kwa sauti yake mwenyewe.

"Baba yangu aliitwa Kubwimana."

Kila mtu mle ndani alimjua marehemu Kubwimana. Ni mume wa Anésie.

Nella akairudisha simu kwenye mkoba, akafunga zipu. Hakuna aliyemtukana yule kijana. Walitafuta viatu vyao, wakaondoka mmoja mmoja.

Anésie hanisemeshi mpaka leo. Kanisani anakaa upande wa pili. Kwizera anapakia mizigo kwenye ghala, analipa pesa za Ketsia kidogo kidogo.

Nilidhani imeishia hapo. Kumbe bado.

Wiki iliyopita Ketsia alinipigia kutoka kambini.

"Bibi, shikamoo. Mama anasema zile hisa bado zinakua. Ni kweli?"

Nilitaka kumwambia amuulize mama yake. Ulimi ukakataa.

"Marahaba, mwanangu. Si kweli. Zimekwisha."

Nikasikia watoto wake wakicheza.

"Basi kesho nitawaandikisha shule ya huku," akasema. "Mwaka mzima nimewaweka nyumbani, nikijua tunasafiri."

Simu ikakatika.

Wajukuu zangu, mtu akikushauri ununue hisa, muulize kuhusu hisa, halafu muulize kuhusu yeye. Yuko wapi, ni nani, yeye mwenyewe amepata au amepoteza. Akiona umemvunjia heshima, mwache abaki na hisa zake.

Na kama nyumbani kwenu kuna mtu anayesubiri pesa iliyokwisha potea, mwambieni leo. Ana watoto.