Kitako cha Mtu wa Kushoto

Mzee Zachariah Kipkirui alisimama mbele ya watu zaidi ya sitini nyumbani kwake Soy, akasema kwamba Selpha Adero ameiharibu bunduki yake kwa sababu ni mwanamke ambaye hakusoma, hajui kulia wala kushoto. Alisema uongo. Alijua ni uongo wakati akiusema, na mafuta ya kondoo yalikuwa bado yanang'aa midomoni mwake.

Selpha ni fundi wa mbao mtaani Huruma, mwenye miaka hamsini na mmoja. Mume wake alikwenda Kitale kununua mahindi akasahau njia ya kurudi. Kusoma hakusoma, kwa kuwa karo ilitosha mtoto mmoja na huyo alikuwa kaka yake. Kaka akashika kalamu, Selpha akashika randa. Baba yao, Lazarus, alitoka upande wa ziwani akaajiriwa seremala katika shamba la mzungu karibu na Soy, na mzungu huyo alikuwa na bunduki nyingi kuliko watoto. Kila kitako kilichopasuka, yaani ule mti wa bunduki unaokaa begani na shavuni, kilipelekwa kwa Lazarus. Selpha alimshikia mbao, akamwangalia mikono, akajifunza. Mpaka leo anatengeneza vitanda, milango, na madawati ya shule. Vitako vya bunduki ametengeneza vinne tu maishani, na hicho cha nne ndicho kilichomtia aibu.

Ilikuwa Januari, mahindi yakiwa yamekwisha kuingia ghalani. Mzee Zachariah alishuka kwenye pikapu yake nje ya karakana, pamoja na mwanawe Emmanuel. Mzee ana shamba kubwa, ni mzee wa kanisa, na koti halimtoki hata jua likiwaka. Bunduki ilikuwa ya baba yake, kubwa, ya kuwindia nyati, risasi zake nene kama kidole gumba. Leseni aliibeba mfukoni ikiwa imekunjwa mara nne. Hapa kwetu kuwinda kulikatazwa zamani, lakini watoto wake walikuwa wamemlipia safari ya kuwinda Tanzania kwa kibali mwezi wa saba. Shida ilikuwa moja. Bunduki ilianguka kutoka juu ya kabati, na kitako kikapasuka shingoni.

"Mama, si tumnunulie tu hii?" Emmanuel alisema, akimwonyesha Selpha picha kwenye simu. Kilikuwa kitako cha plastiki nyeusi kutoka ng'ambo. "Hainywi maji, haipasuki, na ni nyepesi kabisa."

"Nyepesi?"

"Kama manyoya."

"Basi itamvunja baba yako bega," Selpha akasema. "Bunduki ya nyati inapiga teke kama punda. Kitako kizito kinalimeza hilo teke. Kitako chepesi kinalipitisha lote likufikie wewe."

Mzee Zachariah akacheka, akatema mate karibu na mguu wake mwenyewe. "Umesikia? Plastiki ni ya ndoo."

Ng'ambo ya njia kulikuwa na Rosebella, muuza chapati, rafiki wa Selpha ambaye masikio yake hayana likizo. Aliyasikia yote.

Mzee akauliza kuhusu mvule. Selpha akamwambia mvule ni mti wa mlango. Nyuzi zake hupishana, na penye shingo nyembamba utakatika. Akauliza kuhusu ule mti wa ng'ambo wa rangi ya asali, ambao Paul, fundi wa bunduki mwenye duka la madirisha ya vioo mjini, anauweka dirishani. Selpha akasema ni mti mzuri, hilo hakatai, lakini ule wa Paul aliugusa na ulikuwa bado una maji. Mti mbichi ukifungwa kwenye chuma leo, mwezi wa sita umejikunja na risasi zinakwenda kwa jirani.

"Sasa unataka nini, wewe mama?"

"Mzee hana mzeituni shambani?"

Alikuwa nao. Mzeituni wa mwituni ulioangushwa na upepo miaka kumi na miwili nyuma, ukapasuliwa mbao na kulazwa stoo. Selpha akaenda Soy akazigonga moja moja, akizinusa. Mzee akaupendelea ubao wenye madoa yanayozunguka kama maziwa ndani ya chai, akataka yale madoa yakae pale mkono unaposhika. Selpha akakataa. Baba yake alimwachia neno moja juu ya kazi hiyo, naye akalitoa lilivyo: "Uzuri uweke takoni, nguvu uiweke shingoni." Shingoni nyuzi ziende moja kwa moja kama kamba, la sivyo teke la kwanza litaivunja.

Jioni alipomsimulia Rosebella, Rosebella alikaribia kuangusha sufuria. "Uzuri takoni! Aki Selpha, baba yako alikuwa anaongea juu ya bunduki kweli?"

Baada ya hapo yakaja mambo ya kipimo, na hapa ndipo msomaji asimame kidogo.

Selpha alikuwa amekishika kile kitako kikuukuu akakigeuza kwenye mwanga. Mtu wa mkono wa kulia huweka shavu upande wa kushoto wa kitako, na jasho la shavu hula rangi pale. Kwenye kitako cha Mzee Zachariah, kilichowekwa kipya alipoirithi bunduki, rangi ilikuwa imelika upande wa kulia. Upande wa kushoto ulikuwa ung'avu kama siku ya kwanza. Alipomwambia ainue bunduki, mzee akaiweka bega la kulia na kunyoosha shingo kama kuku anayekunywa maji. Haikukaa. Basi Selpha akafanya alivyofundishwa. Akangoja mzee aweke bunduki mezani na kushika kipande cha ubao tu, kisha akapiga kelele, "Mzee, panya huyo!"

Ubao ukaruka bega la kushoto. Jicho la kulia likafumba, la kushoto likabaki wazi, na mwili mzima ukatulia kama maji mtungini.

"Mzee," Selpha akasema kwa sauti ya chini, kwa heshima, "unalenga kwa kushoto."

Mzee Zachariah hakujibu. Alitazama kama mlango umefungwa. Ulikuwa umefungwa. Akasema, "Fanya kazi yako, mama."

Hapo ndipo Selpha alipokosea, kama kukosea ni neno lake. Amekulia kati ya watu ambao mzee akitaka kukataa hukataa, na akinyamaza amekubali. Hakuna anayemuuliza mzee mara mbili. Akachukua ukimya ule kuwa ruhusa, akachonga kitako cha mtu wa kushoto, na mwinuko wa shavu upande wa kulia.

Wiki sita alikifanyia kazi. Patasi, tupa, msasa, mafuta ya kitani kwa kiganja mpaka kiganja kikawaka. Mzee alikuja mara tatu kujaribu, kila mara akiileta bunduki mwenyewe na kuondoka nayo mwenyewe, na kila mara akiuliza kwanza kama mlango umefungwa. Mara tatu aliiweka bega la kushoto. Mara ya tatu alifumba macho, akainua, akafumbua, na jicho lilikuwa limekaa penyewe juu ya mtutu. "Iko sawa," alisema. Akalipa kazi yote, hakupunguza hata shilingi. Kwa hiyo mtu asije akasema hapa panadaiwa pesa.

Selpha alijiuliza mlango ulikuwa wa nini. Alikuja kuelewa baadaye, Rosebella alipomsimulia. Jumapili moja huyo rafiki yake alikuwa amemsikia Mzee Zachariah akihubiri juu ya siku ya hukumu, kondoo mkono wa kuume, mbuzi mkono wa kushoto, na aliposema mbuzi alikunja pua. Mtu anayehubiri hivyo atakubali vipi kwamba mkono wake wenyewe ni wa mbuzi?

Sherehe ilikuwa Jumamosi, nyumbani kwake. Wazee wa kanisa, wakulima wenzake, walimu, majirani, wote waje waone bunduki ya marehemu baba ikiombewa kabla ya safari. Selpha alialikwa kama fundi. Alivaa gauni la kanisani. Alikula kidogo, maana mzee alikuwa akivunja mifupa ya kondoo kwa meno na kunyonya uboho kwa sauti, kisha akiwapa wageni vidole vilevile wasalimie, naye Selpha alikuwa amesalimiwa.

"Sasa tuone!" wakasema.

Mzee Zachariah akaichukua bunduki, tupu, akaitazama hadhira yake. Akaiinua. Bega la kulia.

Mwinuko ukawa upande usiokuwa wake. Shavu likaning'inia hewani, shingo ikanyooka, kuku na maji yake. Mkulima mmoja mnene akaangua kicheko. "Kipkirui! Hiki kitako ni cha mtu wa kushoto!"

Watu wakasogea. Ndipo Mama Priscah, dada yake mkubwa, macho yamefifia lakini ulimi mzima, akasema kutoka kitini, "Si ndiye Katam? Baba alimfunga mkono huo kwa kamba ya katani mwaka mzima, na alipomfungua bado alikuwa akitupa mawe kwa uleule."

Katam, kwa Kikalenjin, ni kushoto. Ndilo jina walilokuwa wakimwita malishoni. Wazee wawili watatu wakatabasamu, wakiwa wamelikumbuka.

Neno moja lilitosha. Angesema, "Ndiyo, ndiye mimi," watu wangecheka, wangempiga bega, wangeendelea kula. Selpha alimwangalia akingoja neno hilo. Mzee Zachariah alimwangalia yeye pia, uso kwa uso, na Selpha aliona kabisa alipokuwa akichagua.

"Dada yangu amezeeka," mzee akasema. "Ni huyu mama. Nilimwonea huruma nikampa kazi. Hajasoma. Hajui kulia wala kushoto."

Wakacheka. Hata yule mwalimu ambaye Selpha alikuwa anamtengenezea madawati alicheka. Mama Priscah peke yake hakucheka, akaulizauliza, "Amesema nini? Amesema nini?" na hakuna aliyemjibu. Selpha alifungua mdomo. Kilichopanda kooni hakikuwa maneno. Kilikuwa nyama ya kondoo, na akaenda kuitapika nyuma ya tangi la maji.

Neno lilifika Huruma kabla yake. Yule mwalimu akatuma ujumbe kwamba madawati yasubiri, na yanasubiri hadi leo. Mtu aliyeagiza mlango akaja akicheka, "Fundi, utafungukia upande gani? Ama nikuchoree?" Vijana wa boda boda wakimpita humwonyesha mkono mmoja, halafu mwingine. "Mama Kushoto! Huu ni gani?" Rosebella aliwatupia maji ya unga, lakini maji ya unga hayafuti jina. Fundi wa mbao ana jicho lake na jina lake, basi. Jicho bado analo.

Ikasemekana Mzee amenunua plastiki kwa Paul. Ni kweli alinunua.

Mwezi wa nane Emmanuel akaja karakana, peke yake, na kamba mkononi. Mwisho wa kamba kulikuwa na mbuzi dume, mnene, akinuka kama mbuzi dume anavyonuka.

"Mama, baba anasalimia sana. Alipata nyati."

"Kwa plastiki?"

Emmanuel akaangalia chini. "Ile plastiki ilimpasua nyusi siku ya majaribio. Akaniambia niirudishe ile yako kwenye bunduki." Akatoa simu, labda kwa wema, kwani si mtoto mbaya, akamwonyesha video.

Ilikuwa nyika ya Tanzania, pasipo mtu wa kanisa, pasipo jirani, pasipo dada. Mzee Zachariah alikuwa amevaa kofia. Aliinua bunduki, bega la kushoto, shavu likalala kwenye mzeituni kama mtoto mgongoni. Teke lilipokuja alilimeza bila kuyumba. Kisha akageukia kamera akicheka kwa mdomo wote, na wazungu wawili wakampigia makofi. Aliupapasa ule mti. Selpha aliona kiganja kikipita palepale alipopitisha chake wiki sita.

Ndipo kinyaa kilipomshika sawasawa. Siku ya uongo alikuwa ameumia tu. Sasa alimwona mtu mzima, wa miaka sabini na mbili, aliyevuka mpaka wa nchi ili apate kutumia mkono wake.

"Na huyu mbuzi?"

"Ni asante. Baba anasema… mambo yaishe tu kimyakimya. Kinyumbani."

Rosebella akapaza sauti kutoka ng'ambo. "Mbuzi! Si angetuma kondoo basi? Ama kondoo ni wa mkono ule mwingine?"

Emmanuel hakuelewa, au alijifanya haelewi. Selpha alifuta mikono kwenye aproni, akaichukua kamba akaifunga upya, vizuri, fundo la seremala, akamrudishia.

"Mrudishe kwao. Mimi sikumwaibisha baba yako popote, na yeye hakuniaibisha mafichoni. Mwambie kitako nimempa, kipimo nimempa, siri yake nilimtunzia mpaka akaifanya kisu. Mbuzi sitaki. Bunduki ikipasuka tena asije."

Emmanuel aliondoka akimvuta mbuzi, na mbuzi alikuwa akikataa njia nzima.

Kwa hiyo deni bado liko, na mwenye deni anajulikana: ni Zachariah Kipkirui, wa Soy. Anadaiwa kusimama katika uwanja wake uleule, mbele ya wale watu sitini, yule mwalimu akiwapo na Mama Priscah akiwekwa karibu ili asikie, ainue bunduki hiyo kwa bega lake la kushoto, na aseme kwa mdomo uliosema yale mengine: "Mimi ndiye Katam, na mama huyu alijua."